Barua ya Wazi: Majina ya Wapagazi Yachongwe Kando ya Majina ya Walowezi

Kwa Waheshimiwa wasimamizi wa kanisa la mji wetu, na wote mliokabidhiwa makaburi na minara ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nchini Kenya.

KUH: BAMBA LA WALOWEZI NA WAPAGAZI WASIOTAJWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawaandikia hadharani baada ya miaka mitatu ya kuwaandikia faraghani. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili, kwamba suala langu linashughulikiwa na nitajulishwa. Ya tatu haijajibiwa hadi leo, na nilipofika ofisini kuiulizia niliambiwa faili haionekani. Sina ugomvi na mtu yeyote kati yenu, na wala sijui ni meza ipi barua zangu zilikokwamia. Ila jambo lenyewe haliwezi kuendelea kungoja faili ipatikane, kwa sababu wazee waliosimuliwa habari hizi na watu waliozishuhudia wanatutoka mmoja baada ya mwingine, na kila anayezikwa anaondoka na majina ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Bamba ninalolizungumzia mnalijua. Liko upande wa kushoto unapoingia katika kanisa dogo la mawe lililojengwa na walowezi, chini ya dirisha la vioo vya rangi. Ni la shaba, lina majina 14, na kila jina lina kikosi cha aliyekufa na mwaka aliofia. Wiki ya kwanza ya Novemba, kila mwaka, mzee anayelitunza kanisa hulisugua kwa ndimu na majivu, akalisuuza, akalikausha kwa kipande cha kanga kuukuu. Nimewahi kumsaidia kazi hiyo. Herufi zimechongwa kwa kina hivi kwamba ukipitisha kidole unaweza kulisoma jina ukiwa umefumba macho.

Nyumbani kwetu kumbukumbu ya vita hivyo ni moja tu. Ni kisahani cha bati, chenye tundu la kupitishia kamba na namba iliyogongwa kwa nyundo, ambayo tarakimu zake mbili za mwisho zimelika kwa kutu. Nyanya yangu alikiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, akakifunga kwa kitambaa, na alikitoa mara chache sana. Aliyekivaa shingoni alikuwa baba ya babu yangu, aliyechukuliwa mwaka wa 1917 kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Mwenzake wa kijiji kimoja ndiye aliyekirudisha, akasema kwamba mwenye nacho alifia njiani, kusini ya mto Rufiji, kwa kuhara damu, na kwamba msafara haukusimama. Hakuna kaburi, na hakuna bamba lenye jina lake katika mji wetu, Nairobi, Dar es Salaam wala London.

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sitaki bamba la walowezi liondolewe. Wale 14 walikuwa na mama zao, na waliolitundika walikuwa wafiwa. Jumuiya yao ilikuwa ndogo: sensa ya mwaka wa 1911 iliwahesabu Wazungu 3,175 tu katika nchi yote iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki, wakiwemo watumishi wa serikali, wamisionari na watoto. Katika jumuiya ya watu wachache namna hiyo kila aliyekufa alijulikana na kila mtu, na ninaelewa kabisa kwa nini waliobaki walichanga fedha wakaagiza shaba. Malalamiko yangu ni kwamba habari iliyochongwa pale haikukamilika, na kwamba ninyi mliokabidhiwa kuilinda mnailinda ikiwa hivyo hivyo. Nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Kumbukumbu ya mji wetu inawataja waliopigana na kuwaacha waliowawezesha kupigana.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, walowezi wa nyanda za juu waliteremka Nairobi na farasi, nyumbu na bunduki zao za kuwindia. Wakaunda vikundi vyenye majina ya viongozi wao, kama kile cha Russell Bowker, na kingine kilichopewa jina la Monica, binti wa Gavana Henry Belfield. Baadaye vikundi hivyo viliunganishwa kuwa kikosi kimoja cha wapanda farasi, East African Mounted Rifles. Mnamo tarehe 3 Novemba 1914 kikosi hicho kilikuwa miongoni mwa waliopanda mlima Longido, ng'ambo ya mpaka, kuwashambulia Wajerumani. Nyumbu waliobeba maji walishtuka wakatawanyika, wapiganaji wakakaa mlimani bila maji mchana kutwa, na jeshi likalazimika kurudi nyuma hadi Namanga. Hivyo, katika pigano la kwanza kubwa la walowezi, kilichoamua siku ni maji, na nani wa kuyabeba.

Vita vyote vilivyofuata vilikuwa hivyo. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu, magari yalizama matopeni kila msimu wa masika, na reli iliishia mbali na mapigano. Kilichobaki kilikuwa vichwa na mabega ya watu. Kila risasi iliyopigwa na kila gunia la unga lililoliwa kati ya Kilimanjaro na mto Ruvuma lilifika huko juu ya mtu, mzigo wa kama kilo 25 au zaidi, siku baada ya siku. Sheria ya mwaka wa 1915 iliwapa watawala mamlaka ya kuwachukua watu kwa nguvu. Machi 1917 John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, alipewa jukumu la kukusanya wapagazi nchi nzima, na machifu wakapewa idadi ya vijana wa kutoa. Malipo yalikuwa rupia 5 kwa mwezi. Wengi walifungwa kamba wakiwa sokoni, shambani au usingizini. Kutoka Kenya peke yake walichukuliwa zaidi ya watu 150,000, na waliokufa, kwa makadirio ya wanahistoria, walizidi 40,000. Kwa wapagazi wote waliotumikia upande wa Waingereza katika vita hivyo, hesabu rasmi ya vifo inakaribia 95,000, na wapo wanaoiona kuwa ndogo mno.

Wachache kati yao walikufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na kwa chakula pia, kwa maana unga wa mahindi waliopewa ulisagwa vibaya na ukapikwa haraka bila kuiva, wakalishwa watu ambao wengine walikuwa wamezoea mtama, ndizi au viazi. Tumbo la mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri halikuweza kuuhimili. Nayasema haya kwa sababu kijitabu mnachowapa wageni kanisani kinaeleza habari za farasi wa walowezi kwa aya mbili nzima, na neno mpagazi halimo.

2. Majina ya wapagazi yaliandikwa.

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua hii, na ndilo ambalo majibu yenu ya mistari miwili hayakuligusa. Nimeambiwa kwa mdomo, zaidi ya mara moja, kwamba wapagazi hawakuandikwa kwa sababu hakuna aliyejua majina yao. Kisahani cha nyanya yangu kinakanusha hilo. Namba haigongwi juu ya bati ila kuwe na daftari ambamo namba hiyo inasimama mbele ya mtu. Oscar Watkins, aliyekuwa msimamizi wa kikosi cha wapagazi, alisisitiza kuwepo kwa utaratibu wa kumtambua kila mtu, jina lake, chifu wake na wilaya yake, kwa sababu bila hivyo hakuweza kulipa mishahara wala kujua ametoroka nani na amekufa nani. Serikali ilihitaji kumjua kila mwanamume kwa ajili ya kodi ya nyumba. Machifu walihitaji kujua nani ameshatolewa na nani bado.

Baada ya vita palizuka ubishi wa muda mrefu kati ya serikali ya Nairobi na ile ya London kuhusu mishahara ya wapagazi waliokufa au wasioonekana, mishahara ambayo hakuna aliyejitokeza kuichukua. Ubishi huo ulihusu fedha zilizohesabiwa. Waheshimiwa, deni la mtu halikokotolewi bila kujua ni nani, alianza kazi lini na alikoma lini. Palipokuwa na deni palikuwa na orodha. Fedha hizo hazikuzifikia familia kama yetu, na majina nayo hayakutufikia.

Tena, ndani ya miaka miwili baada ya vita kwisha, serikali hiyo hiyo ilianza kumwandikisha kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi, ikachukua alama za vidole vyake, ikampa kitambulisho kilichoitwa kipande, cha kuvaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Utawala uliomudu kazi hiyo kwa ajili ya kuwapata vibarua wa mashamba ungemudu pia kuandika orodha ya waliokufa.

Katika kijiji chetu nimekusanya majina 31 ya watu waliochukuliwa mwaka wa 1917. Nimeyapata kwa wazee, kila jina likithibitishwa na watu wa nyumba mbili tofauti, pamoja na jina la baba, ukoo, na rika la tohara, ambalo kwetu linaonyesha umri wa mtu kwa usahihi kuliko cheti. Kati yao 19 hawakurudi. Kijiji kimoja, bila fedha na bila ofisi, kimepata watu 19, na bamba la kanisa, kwa mji na mashamba yote yaliyouzunguka, lina 14. Orodha hiyo niliiambatisha katika barua ya pili. Sijaambiwa kama kuna aliyeisoma.

3. Kuachwa kwao kulikuwa uamuzi wa watu waliojua wanachoamua.

Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka wa 1917 ikiwa na msingi mmoja uliosifiwa duniani kote, kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, juu ya jiwe la kaburi au juu ya ukuta, bila kutazama cheo, rangi wala dini. Ulaya msingi huo ulifuatwa hadi kwa askari wa mwisho. Afrika Mashariki haukufuatwa. Maafisa waliandikiana kwamba wenyeji hawana desturi ya kuweka alama juu ya makaburi na kwa hiyo hawatahisi upungufu wowote. Gavana wa Tanganyika wa wakati huo, Horace Byatt, aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Ninaposoma maneno hayo huwa namkumbuka nyanya yangu na mkebe wake wa chai. Huyo ndiye waliyesema hatahisi upungufu.

Badala ya majina zikawekwa sanamu. Ile ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka wa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Ile ya Nairobi, ya watu watatu wa shaba nyeusi, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka wa 1928, na ipo hadi leo katika Barabara ya Kenyatta, ambapo maelfu ya watu hupita kila siku wakikimbilia matatu. Maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwambia msomaji kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Maneno hayo ya mwisho yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, aliyekuwa mshauri wa Tume hiyo. Yeye mwenyewe alimpoteza mwanawe wa pekee wa kiume, John, katika mapigano ya Loos mwaka wa 1915, kijana wa miaka 18 ambaye mwili wake haukutambuliwa muda wote wa uhai wa baba yake. Jina la kijana huyo lilichongwa ukutani Ufaransa pamoja na maelfu ya wengine waliokosa kaburi linalojulikana. Kwa makaburi ya Tume, Kipling alichagua aya ya kitabu cha Yoshua bin Sira isemayo kwamba jina lao laishi milele. Kwa hiyo aliijua vizuri kazi ya jina kwa mzazi asiye na kaburi la kulilia. Nairobi wazazi na watoto wa wapagazi walipewa ahadi ya jina bila jina lenyewe, na kazi ya kulikumbuka wakaachiwa wao. Tumeifanya kwa miaka zaidi ya 100, kwa mikebe ya chai na kwa masimulizi ya usiku. Sasa tunaomba msaada wa shaba na mawe, kama wenzetu walivyopata.

4. Waliotajwa na wasiotajwa walitofautishwa hata katika ardhi.

Hili nitalipitia kwa ufupi, kwa kuwa haliko katika mamlaka yenu. Mwaka wa 1919 serikali ya kikoloni ilitenga zaidi ya ekari milioni 2 kwa ajili ya askari wa Kizungu waliotoka vitani, nyingine zikikatwa katika ardhi ya watu ambao vijana wao walikuwa wametoka kubeba mizigo. Mpagazi hakuruhusiwa kuomba hata ekari moja. Baadhi ya mashamba yanayouzunguka mji wetu yaligawiwa kwa mpango huo, na ninalitaja kwa sababu bamba lile na hati za mashamba yale ni za miaka ile ile. Mgeni anayesoma jina la mlowezi ukutani, kisha akatoka nje akaona shamba lenye jina la ukoo uo huo, huondoka akiamini kwamba mji huu ulijengwa na watu hao peke yao.

5. Wakubwa wenu wameshakiri, nanyi bado.

Aprili 2021 kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo ile Tume ya Kifalme kwa jina jipya, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tarehe 22 ya mwezi huo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, alisimama Bungeni akaomba radhi na kutaja kwamba ubaguzi ulikuwa na sehemu yake. Novemba 2023 Mfalme Charles alifika katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, mahali ambapo jina lake lenyewe ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, lililopita midomoni mwa watu wetu, kama ilivyotokea Kariakoo ya Dar es Salaam. Mnamo Januari 2025, huko Cape Town, ulizinduliwa mnara wenye majina 1,772 ya wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini waliokufa wakitumikia jeshi katika vita hivyo hivyo. Kila jina limechongwa juu ya nguzo yake ya mti ambao sisi tunauita mvule. Mvule unaota kwetu, na mafundi wa kuuchonga tunao.

Waheshimiwa, ninajua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeyasikia mlangoni mwa ofisi, na ni haki yenu kwamba niyajibu kabla hamjayaandika.

Mtasema kanisa ni jengo la kihistoria lililolindwa na sheria, na kwamba kuta zake haziguswi. Sijaomba ukuta ule utobolewe wala bamba lile lisogezwe. Upande wa kulia wa mlango, kwenye ua, kuna nafasi iliyo tupu tangu mti wa jakaranda ulipoanguka, na bamba la pili linaweza kusimama hapo juu ya jiwe lake.

Mtasema majina ya mdomo hayana ushahidi wa maandishi. Basi ufunguliwe ushahidi wa maandishi. Daftari za wilaya, kumbukumbu za kodi, hesabu za mishahara na za misheni zipatazo kuwepo katika nyaraka mnazozisimamia zionyeshwe kwa umma, nasi tutakaa tuzilinganishe jina kwa jina. Jina ambalo halitathibitishwa tutalisubirisha. Lakini haiwezekani makabati yafungwe na papo hapo tulaumiwe kwa kukosa kilichomo ndani yake.

Mtasema fedha hakuna. Wazee wa kijiji wameshaahidi kuchangia jiwe na usafiri, na fundi mmoja amekubali kuchonga bila malipo ya kazi. Tunachokosa ni ruhusa, ambayo haigharimu kitu.

Wapo pia watakaosema kwamba vile vilikuwa vita vya wakoloni, na kwamba kuwaweka wapagazi kwenye ua wa kanisa la walowezi ni kuwapa heshima ya utumwa. Hoja hii nimeifikiria kwa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu imetolewa na watu wa ukoo wangu mwenyewe. Ni kweli kwamba babu yetu hakupigania chochote, kwa maana alifungwa kamba akapelekwa. Hata hivyo alikuwa mtu, alikufa, na mkewe aliishi ujane wa miaka mingi bila kujua aanzie wapi matanga. Maandishi ya bamba jipya yanaweza kusema ukweli huo waziwazi, kwamba walichukuliwa kwa nguvu. Naomba yaseme hivyo hasa, bila kutia neno mfalme.

Kwa hiyo, kwa heshima na kwa uwazi, ninaomba mambo yafuatayo.

a) Orodha ya majina 31 ya kijiji chetu ipokelewe rasmi, ipewe namba ya faili, nami nipewe nakala yenye muhuri.

b) Itolewe ruhusa ya maandishi ya kusimamisha bamba la pili katika ua wa kanisa, la ukubwa na urefu sawa na la kwanza, lenye majina ya wote ambao hawakurudi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwetu, herufi zikichongwa kwa kina kile kile.

c) Nyaraka zote za wapagazi zilizo chini ya mamlaka yenu zifunguliwe kwa familia na watafiti bila ada, na vijiji vingine vya nyanda za juu, vya Nyanza na vya pwani vialikwe kuleta orodha zao kabla wazee hawajaisha.

d) Kijitabu cha wageni kiandikwe upya, nacho kiwataje wapagazi kwa idadi, kwa chanzo cha vifo vyao na kwa majina yatakayokuwa yamethibitishwa.

e) Katika ibada ya kumbukumbu ya Novemba, majina ya wapagazi yasomwe kwa sauti baada ya yale 14, na anayeyasoma awe mtu wa jamaa zao.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60 tangu leo, ili, mkikubali, bamba liwe tayari kabla ya tarehe 11 Novemba. Mkikataa, naomba sababu zenu ziandikwe pia, moja moja, kama nilivyoandika zangu, na zitiwe sahihi. Niko tayari kuja kikaoni siku yoyote mtakayoipanga, na nitakuja na wazee wawili pamoja na kile kisahani, mkishike mkononi wenyewe na muione namba.

Mzee anayelitunza kanisa nimeshazungumza naye. Amesema bamba la pili likisimama uani, atalisugua pamoja na la kwanza, kwa ndimu zile zile.

Wenu katika kungoja majibu,

Kitukuu wa mpagazi, kwa niaba ya familia 31